Barua ya wazi kwa Mhariri Mkuu: Mmetuletea kigari, Mujica mwenyewe mmemwacha

Kwa: Mhariri Mkuu na Mkuu wa Vipindi

YAH: KIPINDI CHENU KUHUSU HAYATI JOSÉ MUJICA, RAIS WA ZAMANI WA URUGUAY

Ndugu Mhariri,

Salaam, na poleni na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, mkazi wa Tanga. Redio yenu naiwasha alfajiri na kuizima baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Jina la kituo sitalitaja hapa. Wenyewe mnajijua, na shida yangu ni kipindi kirekebishwe, sitaki mtu aumbuke.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza ilikuwa ujumbe wa simu kwenye namba ya kipindi, Jumapili ileile mlipokirusha, wiki aliyofariki Mujica, Mei 2025. Ya pili niliileta kwa mkono. Binti wa mapokezi aliipiga mhuri wa IMEPOKELEWA, akanirudishia nakala yangu kwa mikono miwili, adabu tupu. Ya tatu niliituma kwa barua pepe, mjukuu akinisaidia. Baada ya hapo kimya, mpaka mwisho wa mwaka mlipokirudia kipindi kilekile neno kwa neno, pamoja na sehemu nilizozipigia mstari mwekundu. Mwalimu akimrudishia mwanafunzi daftari, halafu mwanafunzi akaleta kesho yake ukurasa uleule na makosa yaleyale, mwalimu ana haki ya kuuliza kama lilifunguliwa.

Nikiri kwanza kwamba nilifurahi kusikia jina la mzee huyu likitamkwa kwenye redio ya Kiswahili. Mtangazaji wenu ana sauti nzuri, na ule muziki wa gitaa mlioweka nyuma ulinikalisha kitini. Ila nusu saa nzima nilichokipata ni Volkswagen ya bluu, mbwa wa miguu mitatu, shati bila tai na mshahara uliogawiwa. Vyote hivyo ni kweli. Mbwa aliitwa Manuela na mguu ulipungua kweli. Lakini mtu aliyekuwa rais wa nchi kuanzia 1 Machi 2010 hadi 1 Machi 2015 hawezi kuelezwa kwa gari na mbwa peke yake. Nina haya ya kulalamikia.

1. Neno "maskini"

Kipindi mlikiita "Rais maskini kuliko wote duniani". Jina hilo hamkulitunga ninyi, lilizunguka dunia nzima, na mwenyewe alilikataa kila lilipomfikia. Alikuwa akisema yeye si maskini, maskini ni yule mwenye mahitaji yasiyoisha. Kulirudia bila kumwambia msikilizaji kwamba mwenye jina alilikataa ni sawa na kumwita mtu kwa jina la utani msibani kwake.

Na hata hesabu hazikubali. Mwaka 2010 tamko lake la mali lilikuwa kama dola 1,800, yaani thamani ya ile Volkswagen Beetle ya 1987. Hiyo mliisema. Hamkusema kwamba mwaka 2012, tamko lilipojumuisha nusu ya mali ya mkewe, yaani ardhi, matrekta na nyumba, lilifika dola 215,000. Hilo si shamba la mlalahoi. Ni la wakulima wawili waliolima na kuuza maua kwa miaka mingi pale Rincón del Cerro, nje kidogo ya Montevideo. Mshahara wa urais ulikuwa kama dola 12,000 kwa mwezi, na takriban asilimia 90 aliitoa, sehemu yake ikienda kwenye mpango wa nyumba za watu wa hali ya chini ulioitwa Plan Juntos. Mtu anayetoa kiasi hicho kila mwezi ana jina lake kwa Kiswahili, na jina hilo si maskini.

Nashikilia neno hili kwa sababu nimeona linavyofanya kazi. Pale kwenye kahawa ninapokaa jioni, kipindi kilipoisha, mzee mmoja alisema: "Basi na wetu wakipanda bajaji mambo yataenda." Watu wakacheka, wakaitikia. Hivyo ndivyo mlivyotuacha, tukidhani nchi inaendeshwa kwa aina ya gari.

2. Hakuingia msituni

Mtangazaji alisema Mujica akiwa kijana "aliingia msituni kupigana na udikteta". Ndugu Mhariri, Uruguay ni nchi ya malisho na vilima vifupi. Mlima wao mrefu kuliko yote, Cerro Catedral, una mita 514, wakati Milima ya Usambara ninayoiona mimi nikienda Lushoto inapita mita 2,000. Hapakuwa na msitu mkubwa wa kuingia. Watupamaro, kikundi alichojiunga nacho miaka ya 1960, walikuwa wapiganaji wa mjini. Walijificha kwenye nyumba za kawaida na kupita kwenye mitaro ya majitaka chini ya Montevideo. Mwasisi wao, Raúl Sendic, alianzia kwa kuwaunganisha wakata miwa wa kaskazini.

Na udikteta pia haukuwepo bado. Hapa ndipo palipo pazito, nanyi mlipapita mbio. Walipoanza kuiba benki na kuteka watu, Uruguay ilikuwa na serikali iliyochaguliwa, ingawa ilikuwa ikizidi kuwa ya mkono wa chuma. Mapinduzi yalikuja 27 Juni 1973, Rais Juan María Bordaberry alipolivunja Bunge akishirikiana na wanajeshi, na wakati huo Watupamaro walikwishavunjwa nguvu na viongozi wao wako ndani. Mpaka leo Wauruguay wanabishana kama bunduki za vijana wale ziliuchelewesha udikteta au ziliuita. Msikilizaji wa Tanga ana haki ya kuusikia ubishi huo.

Ana haki pia ya kusikia habari za Pascasio Báez. Alikuwa kibarua wa shamba, maskini hasa huyu, ambaye Desemba 1971 aliangukia maficho ya chini ya ardhi ya Watupamaro. Wakamshika. Walipoona hawawezi kumwachia bila kujulikana, wakamuua kwa sindano ya dawa ya usingizi. Simsemi Mujica kwa kifo hicho. Nasema kikundi kilichodai kinapigania vibarua kilimuua kibarua, na anayesimulia maisha ya mtu wa kikundi hicho kwa nusu saa hawezi kukosa dakika moja ya jambo hilo.

Kwa upande wa mateso, mlisema tu "alifungwa miaka mingi". Haya, nyongezeni nyama. Mwaka 1970 polisi walimpiga risasi sita kwenye baa mjini Montevideo, akapona. Septemba 1971 alikuwa mmoja wa wafungwa 111 waliotoroka gereza la Punta Carretas kwa shimo walilochimba kupita chini ya ukuta. Gereza hilo siku hizi ni jumba la maduka, watu wanakwenda kununua viatu. Alikamatwa tena, akatoroka tena, akakamatwa tena mwaka 1972. Kuanzia 1973 wanajeshi walimweka yeye na wenzake wanane kuwa mateka: kila mmoja peke yake, wakihamishwa kambi hadi kambi, na tishio kwamba wenzao walio nje wakifanya lolote, hawa watauawa. Kwa miaka saba, alisema mwenyewe, hakupewa kitabu. Alizoea kuwatazama chungu mpaka akawa anasimulia kwamba ukimweka chungu karibu na sikio unamsikia akipiga kelele.

Halafu kuna ile poti. Walinzi walikuwa wakimnyima ruhusa ya kwenda haja, naye akapigania apewe poti kama ya mtoto mdogo, akaipata, hakuiachia. Machi 1985, utawala wa kiraia uliporudi na wafungwa wa kisiasa wakasamehewa, alitoka gerezani ameishika mkononi, ndani yake amepanda maua. Nilitegemea mtangazaji mwenye sauti ile atuonyeshe picha hiyo, nikaletewa kigari kwa mara ya tano.

3. Maneno aliyosema na yale mliyompachika

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Kwenye mdahalo wa shule alisimama akanukuu, kupitia kipindi chenu, maneno makali ambayo eti Mujica aliwaambia viongozi wa Afrika. Mwalimu wake akamuuliza: aliyasema wapi, mwaka gani? Mtoto hakuwa na jibu, upande wake ukakatwa alama. Nami niliwauliza ninyi swali hilohilo kwenye barua ya pili. Sijajibiwa. Siyarudii hapa maneno yenyewe, nisije nikayaongezea miguu.

Kinachoniuma ni kwamba ya kweli yapo, tena yamerekodiwa. Juni 2012, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Rio de Janeiro kuhusu maendeleo endelevu, aliuliza dunia ingebakiwa na hewa kiasi gani kama Wahindi wangekuwa na magari mengi kwa kila familia kama Wajerumani. Hapohapo akasema maskini si mwenye kidogo, ni yule anayehitaji vingi bila kikomo. Na hakujifanya ni yake. Aliwataja wazee wa kale, Epicurus na Seneca, akawataja na Waaymara, wenyeji wa milima ya Andes. Ninyi mmempa yeye peke yake. Mzee ametaja aliowasikia, sisi tumewafuta.

Na kama ni kunukuu, nukuuni na aliyojutia. Aprili 2013, akidhani kipaza sauti kimezimwa, alimsema Rais Cristina Kirchner wa Argentina na marehemu mumewe kwa maneno ambayo mke wangu asingeruhusu yatamkwe sebuleni. Ilibidi aombe radhi. Mwaka 2014, mwanasoka wao Luis Suárez alipofungiwa kwa kumng'ata mchezaji wa timu pinzani Kombe la Dunia, aliwatukana wakubwa wa FIFA mbele ya kamera, akaziba mdomo kwa mkono huku anacheka. Huyo ndiye mtu. Yule wa kwenye kipindi chenu anafanana na picha ya kalenda.

4. Sheria mlizozifunika kwa shuka

Mlisema alipitisha "mageuzi ya kijamii". Hapo nilijua mhariri wa kipindi amepita na wembe. Mageuzi yenyewe ni matatu. Oktoba 2012 utoaji mimba uliruhusiwa hadi wiki ya 12. Mwaka 2013 ndoa za jinsia moja zikawa halali. Desemba 2013 Uruguay ikawa nchi ya kwanza duniani ambayo dola yenyewe inasimamia bangi kuanzia shamba hadi duka.

Naelewa woga wenu. Mimi ni mtu wa msikitini, na katika hayo matatu kuna nisiyokubaliana nayo kabisa. Lakini kutokubaliana na jambo ni sababu nzuri ya kulielewa. Kwenye bangi, kwa mfano, wengi wa wasikilizaji wenu wanajua tu kwamba "kuna rais aliruhusu bangi", wakidhani ni sherehe. Mujica hakuwa akiisifia. Aliiona ni uraibu kama mwingine, ila akaona biashara ya magendo ni mbaya zaidi, na kwamba dola ikiuza yenyewe inawanyang'anya wauzaji soko. Sheria ikaweka daftari la wanunuzi, umri kuanzia miaka 18, mimea isiyozidi sita nyumbani, na gramu 40 kwa mwezi kwa anayenunua dukani. Kura za maoni zilionyesha wananchi wengi wanapinga. Akaendelea. Alikosea? Tujadili. Kipindi kingekuwa na simu mpaka usiku.

Na ile ya mimba ingewafundisha watu jinsi chama kinavyofanya kazi. Mwaka 2008 sheria ya kufanana nayo ilipita Bungeni, ikapigwa kura ya turufu na rais aliyemtangulia Mujica, Tabaré Vázquez, daktari wa saratani, wa chama hichohicho cha Frente Amplio. Marais wawili wa chama kimoja, saini mbili tofauti, na chama hakikuvunjika.

5. Alichoshindwa

Siku ya kuapishwa alisema kipaumbele chake ni elimu, akalirudia neno hilo mara kadhaa mfululizo mpaka watu wakatabasamu. Mimi kama mwalimu nilivutiwa. Miaka mitano baadaye kulikuwa na chuo kikuu kipya cha teknolojia nje ya mji mkuu, ambacho ni jambo jema, lakini zaidi ya nusu ya vijana walikuwa bado wanaachia njiani kabla ya kumaliza sekondari ya juu. Alikiri mwenyewe kwamba hapo hakufika alikotaka.

Shirika la ndege la Pluna lilifungwa Julai 2012, na kesi zake zikamng'oa waziri wa uchumi. Shirika la mafuta la taifa, ANCAP, lilipata hasara ambayo serikali iliyofuata ililazimika kuiziba kwa zaidi ya dola milioni 600. Kwa upande wa pili wa mizani, umaskini ulishuka kutoka kama asilimia 18 mwaka 2010 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2014, na mitambo ya umeme wa upepo ikajengwa kwa kasi iliyowashangaza majirani. Hata hayo mazuri hamkuyasema. Yamefunikwa na gari.

6. Waliopotezwa

Hapa naomba unisome taratibu, Ndugu Mhariri.

Mujica alizaliwa 20 Mei 1935. Alifariki 13 Mei 2025, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 90. Mlitaja tarehe ya kuzaliwa mkapita. Kumbe kila mwaka tarehe hiyohiyo, 20 Mei, tangu 1996, Wauruguay wanatembea kimya katika barabara kuu ya Montevideo, 18 de Julio, wamebeba picha za watu ambao dola iliwakamata na hawakurudi. Hakuna hotuba. Majina yanasomwa, na umati unaitikia jina baada ya jina: yupo. Tarehe iliwekwa kuwakumbuka wabunge wawili, Zelmar Michelini na Héctor Gutiérrez Ruiz, waliouawa uhamishoni Buenos Aires mwaka 1976. Orodha rasmi ya waliopotezwa ina watu 197. Kwa hiyo sikukuu ya kuzaliwa ya mzee huyu ilikuwa siku ambayo nchi yake inauliza wako wapi.

Mmoja wao alikuwa mwalimu. Julio Castro alikuwa mwalimu wa shule na mwandishi wa habari, ana miaka 68 alipokamatwa mtaani Agosti 1977. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba moyo ulimshinda kwenye mateso. Oktoba 2011, Mujica akiwa rais, mifupa yake ilichimbuliwa kwenye eneo la kikosi cha jeshi, na uchunguzi ukaonyesha alipigwa risasi. Nimefundisha miaka 34. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Je, Mujica, aliyeteswa na jeshi lilelile, alisimama wapi? Jibu si jepesi, na ndiyo maana lilistahili dakika kumi kwenye kipindi. Kulikuwa na sheria ya 1986 iliyozuia wanajeshi na polisi kushtakiwa. Wananchi waliibakiza kwa kura ya 1989, wakaibakiza tena 2009, siku ileile ya duru ya kwanza ya uchaguzi uliompeleka Mujica ikulu. Februari 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaamua kwamba sheria hiyo haina nguvu, kwenye kesi ya Macarena Gelman, aliyezaliwa mama yake akiwa kizuizini na akalelewa na familia ya polisi bila kujua asili yake. Wabunge wa chama cha Mujica wakataka kuifuta. Yeye akaenda kuwaonya: wananchi wamekwishaamua mara mbili, mtalipa kwenye uchaguzi. Mei 2011 kura zikafungana, sheria ikabaki. Oktoba chama kikapitisha nyingine ya kufungua njia ya mashtaka, na yeye akaisaini. Machi 2012 akasimama Bungeni, kwa niaba ya dola, akakiri makosa ya dola mbele ya Macarena.

Ndugu wa waliopotezwa wengi hawakumsamehe kusitasita kwake. Walimlaumu kwa kusema hataki kuona vikongwe wa jeshi wakiwa jela, wakisema kwamba kusamehe yaliyomfika yeye ni haki yake, ila ya mtoto wa mwingine hana ruhusa ya kuyasamehe. Mimi nikiwasikiliza wao nawaelewa, nikimsikiliza yeye namwelewa nusu. Wasikilizaji wenu wangeamua wenyewe. Neno "kupotezwa" hakuna haja ya kuwatafsiria.

7. Goma

Mlisema Uruguay ni "nchi ya mbali isiyo na uhusiano na sisi". Kwenye salamu zenu za Jumamosi nasikia watu wa Goma wakiwasalimia ndugu zao. Waulizeni hao. Uruguay, nchi ya watu kama milioni tatu na nusu, imekuwa na walinda amani Kongo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kwa muda mrefu walipita 1,000 kwa wakati mmoja. Novemba 2012 waasi wa M23 walipoingia Goma, askari wa Uruguay walikuwepo mjini na kofia zao za bluu, na lawama kwamba walinda amani walitazama tu ziliwafikia na wao. Amiri jeshi wao mkuu alikuwa nani mwaka huo? Mzee wa kigari. Januari 2025, M23 walipoiteka tena, askari mmoja wa Uruguay aliuawa.

Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba mhariri wa dawati la kimataifa anatakiwa kuwa na ramani ukutani.

Najua mtakachosema, nimekaa ofisi za umma vya kutosha.

Mtasema muda hautoshi. Nilikisikiliza kipindi na saa mkononi: habari za gari pamoja na yule tajiri wa Kiarabu aliyetaka kulinunua kwa dola milioni moja zilichukua dakika saba. Mkewe, Lucía Topolansky, alipata sekunde chache kama "mwenzi wake mwaminifu". Huyo naye alikuwa Mtupamaro, naye alifungwa mpaka 1985, na ndiye aliyemwapisha mumewe kuwa rais kwa kuwa alikuwa seneta aliyeongoza kwa kura. Baadaye akawa makamu wa rais, 2017 hadi 2020. Muda upo.

Mtasema wasikilizaji wanataka cha kuwatia moyo. Basi waambieni kwamba katiba ya Uruguay hairuhusu rais kugombea mihula miwili mfululizo, na mzee alipomaliza mitano alikabidhi urais, akarudi kuwa seneta. Waambieni kwamba 20 Oktoba 2020 alijiuzulu useneta siku moja na mpinzani wake wa miaka mingi, Julio María Sanguinetti, wakakumbatiana ndani ya Seneti. Mimi hapo moyo uliingia.

Mtasema marehemu hasemwi vibaya. Huyu alijisema mwenyewe. Alipotangaza Aprili 2024 kwamba ana saratani ya umio, na Januari 2025 kwamba imefika kwenye ini na hataki tiba zaidi, hakuomba apambwe. Alisema mpiganaji ana haki ya kupumzika, akaomba aachwe afie shambani kwake na azikwe chini ya mti alipomzika Manuela.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba haya:

a) Nukuu ile ya viongozi wa Afrika itolewe chanzo hewani, au ifutwe hewani, kwa sauti ya mtangazaji yuleyule na saa ileile ya Jumapili. Mjukuu wangu atakuwa anasikiliza.

b) Kipindi kisirudiwe tena kama kilivyo.

c) Kiandaliwe kipya, kirushwe tarehe 20 Mei badala ya 13. Mkihitaji mtu wa kukaa studio na kubishana kuhusu bangi, ANCAP au kina Báez, nitakuja kwa nauli yangu. Tafuteni na wa Goma, aje kwa simu.

d) Barua za wasikilizaji zijibiwe, hata kwa mstari mmoja, hata kama ni wa kukataa.

Nitasubiri siku 30. Nakala ya barua ya pili, yenye mhuri wenu na sahihi ya binti wa mapokezi, ninayo nyumbani kwenye faili la bluu. Yenu ikipotea huko kwenu, njooni mtoe kivuli.

Wenu katika kusikiliza,

Mwalimu mstaafu wa historia
Tanga